Maswali ya jikoni: ngano za kale

Tangu nilipogusia ngano za kale (za unga, si za hadithi), maswali yamemiminika. Haya ndiyo yaliyorudiwa zaidi.

Shikamoo bibi. Hiyo ngano ya kale ni ipi? Si ngano yote ni ya kale? (Msomaji, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Jina hilo tunazipa zile kongwe ambazo wakulima hawakuzibadilisha sana. Mkubwa wao ni ainkoni, iliyoanza kulimwa yapata miaka 10,000 iliyopita, kusini-mashariki mwa Uturuki ya leo. Nyingine ni ema, ngano ya Mafarao, na spelti, iliyozoeleka sana Ulaya. Zote tatu utazijua kwa ganda. Ngano ya kawaida ukiipura, punje hudondoka uchi. Hizi hubaki zimefumbatwa ndani ya kumvi kama mpunga, mpaka uzitwange. Kazi hiyo ya ziada ni sababu moja kubwa ya watu kuziacha. Hata hivyo Ethiopia bado wanalima ema, na Oman haijapotea: huko huiita alasi.

Naishi Italia. Dukani naona "farro" tu. Ndiyo ipi?

Waitaliano huziita zote tatu farro: ndogo ni ainkoni, ya kati ni ema, kubwa ni spelti. Mara nyingi utakayoikuta ni ema. Tazama kama pakiti imeandikwa "perlato", maana yake imekobolewa, na itaiva kwa dakika 25 hivi bila kuroweka. Nzima iroweke usiku kucha, kisha uichemshe karibu saa moja.

Daktari amemkataza binti yangu ngano kwa sababu ya ugonjwa wa siliaki. Nimeambiwa ngano za kale hazina madhara. Ni kweli?

Si kweli, mama, na tafadhali usijaribu. Ainkoni, ema, spelti, zote zina gluteni, ile protini inayofanya donge livutike. Mwenye siliaki inamdhuru utumbo hata akila kidogo, hata asipohisi kitu siku hiyo. Mpe mtama, wimbi, mchele, mahindi. Na unga wake usagishe kwenye mashine isiyosaga ngano kabisa, kwa kuwa vumbi la ngano linalobaki kwenye mawe linatosha kumrudisha kitandani.

Nimeagiza unga wa ainkoni kwa bei ghali, chapati zikakatika kama biskuti. Nimekosea wapi?

Nahisi uliongeza unga. Ainkoni hunywa maji polepole, kwa hiyo donge huganda mikononi na mpishi hukimbilia unga mkavu. Anza na maji pungufu kuliko uliyozoea, changanya mpaka lishikane tu, lifunike kwa nusu saa. Usilikande sana, gluteni yake ni dhaifu na haitapata nguvu kwa kupigwapigwa. Kwa chapati za kukunja na kuchambuka, changanya nusu kwa nusu na unga wa kawaida. Rangi itakuwa ya manjano na ladha ina utamu wa njugu.

Kuna wanaouza ngano iliyooteshwa kutoka mbegu za makaburi ya Misri. Ninunue?

Kwa hadithi hiyo, hapana. Kaburi la Farao Tutankhamun lilipofunguliwa mwaka 1922 lilikutwa na ema kweli, lakini mbegu ya ngano haiwezi kuota baada ya miaka elfu tatu. Inayouzwa kwa jina hilo mara nyingi ni khorasani, aina nyingine ya ngano yenye punje kubwa. Ni tamu, inunue kwa utamu wake.

Bi mkubwa, ngano hizi naweza kuzipikia bokoboko? (Mombasa)

Swali hili limenifurahisha, maana wengi wanadhani ngano nzima ni chakula cha kigeni, na sisi tunaisonga na nyama kuwa bokoboko kila Idi.

Unaweza. Ila ema isiyokobolewa haitapasuka vizuri, pumba zake huishikilia. Ukisharoweka, ichuje, itwange kidogo ikiwa bado mbichi, kwa mchi wa taratibu. Pumba zitachomoka, zioshe zielee juu ya maji, uzimwage. Hapo chukua kikombe kimoja cha ema na kimoja cha ngano ya bokoboko uliyozoea, kwa sababu ema peke yake haivutiki vya kutosha. Bandika na kuku au nyama ya mbuzi yenye mifupa, kijiti cha mdalasini, chumvi, na vikombe kumi na mbili vya maji. Moto mdogo, saa tatu hata nne, ukikoroga chini lisishike.

Toa mifupa yote, chambua nyama, rudisha, kisha songa kwa nguvu. Inua mwiko: likidondoka mabongemabonge, bado. Likining'inia kama utepe kabla ya kukatika, epua. Lipakue kwenye sahani pana, fanya kishimo katikati, mimina samli ya moto na vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa kahawia.