Je, kumripoti anayemtesa mtoto ni kusengenya?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Naishi Busia, upande wa Uganda. Jirani yangu analea binti yatima wa miaka tisa, mtoto wa marehemu dada wa mumewe. Mkononi ana makovu ya kuchomwa, na juzi nimeona mengine mabichi mgongoni. Shule ameachishwa, anatembeza karanga stendi mpaka usiku. Sasa amemwambia binti yangu kwamba mjomba wake humwendea kitandani usiku na kumtisha asiseme. Nilitaka kwenda polisi, mume wangu akakataa. Anasema ni aibu Muislamu kumpeleka Muislamu mwenzake serikalini. Mzee mmoja wa msikitini naye akaniambia nikisema bila mashahidi wanne nastahili viboko themanini, na kwamba amsitiriye Muislamu, Allah atamsitiri. Nifanye nini? Na nikiwa nimekosea?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, ukimaliza kusoma jibu hili usingoje Ijumaa wala usingoje kikao. Nenda leo. Dalili zake ni hizi.

Kusengenya ni kumtaja ndugu yako kwa analolichukia pasipo haja ya kisheria. Hind bint Utba alimwendea Mtume (S.A.W.) akamwambia kwamba mumewe, Abu Sufyan, ni bahili, hampi kinachomtosha yeye na mtoto wake. Mtume hakumwambia, "Umemsengenya mumeo." Alimwambia achukue kinachomtosha yeye na mtoto wake kwa wema. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim, na ndiyo mojawapo ya dalili za wanazuoni, akiwemo Imam Nawawi, wanapohalalisha kumtaja mtu kwa ubaya wake mbele ya mwenye uwezo wa kuondoa dhuluma. Na shauri lenyewe, kama unavyoona, lilihusu chakula cha mtoto. Vipi kuhusu mtoto anayechomwa moto?

Hadithi ya kusitiri aliyokusomea mzee wetu ni sahihi, ameipokea Muslim. Lakini Nawawi huyo huyo, alipoifafanua, alisema inamhusu mtu asiyejulikana kwa madhara na ufisadi, tena kwa dhambi iliyokwisha kupita. Dhambi ambayo mtu bado anaifanya ni wajibu kuizuia, na asiyeweza kuizuia ailete kwa mwenye mamlaka. Dhambi ya nyumba ya jirani yako haijapita, na usiku wa leo mtoto yuko nyumba ile ile. Hapo hakuna cha kusitiri. Ukinyamaza, unayemfunika ni mtesaji, na yatima unamwacha wazi. Allah amesema: "Basi yatima usimwonee."

Ama mashahidi wanne, mzee amechanganya mambo mawili. Aya ya Suratun Nur inamzungumzia anayewasingizia zina wanawake watahirifu. Mtoto aliyelazimishwa hana zina wala dhambi, na wewe hujasimama barazani kutangaza kitu. Unapeleka maneno aliyoyasema kwa mwenye kazi ya kuyachunguza. Tena makovu ya moto hayahitaji mashahidi wanne katika madhehebu yoyote. Qur'ani yenyewe imetufundisha kuangalia alama: alipotuhumiwa Nabii Yusuf (A.S.), ukweli ulijulikana kwa kanzu yake iliyochanwa nyuma. Mgongo wa mtoto huyu una ushahidi zaidi ya kanzu.

Kuhusu kukosea, hukutakiwa kuwa na yakini ya hakimu. Unatakiwa kusema ulichokiona kuwa umekiona na ulichosikia kuwa umekisikia, bila kuongeza chumvi. Amri ya "chunguzeni" katika Suratul Hujurat inatimizwa vizuri zaidi na polisi na daktari kuliko mimi na wewe. Dhambi ni ya mwenye kuzua uongo kwa makusudi, au ya aliyejua akaficha, kwani Allah amesema anayeficha ushahidi moyo wake una dhambi.

Mume wako ana haki ya kutiiwa katika wema, na hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Mwambie kwa upole kwamba Mtume (S.A.W.) alituamrisha kumnusuru ndugu yetu akiwa dhalimu au akidhulumiwa. Alipoulizwa vipi amnusuru dhalimu, akasema ni kumzuia asidhulumu. Kwa hiyo hata yule mjomba anasaidiwa kwa kuripotiwa, ingawa nakiri yeye ndiye wa mwisho ninayemfikiria hapa.

Sasa njia. Piga 116. Ni simu ya serikali ya kusaidia watoto, chini ya Wizara ya Jinsia, na hailipiwi. Au nenda kituo cha polisi, uliza kitengo cha ulinzi wa watoto na familia. Yuko pia afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, yule ambaye watu humwita probesheni. Sheria ya Watoto ya Uganda inamtaka kila mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa aripoti kwa baraza la eneo lake, na pale kijijini makamu mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ndiye mwenye jukumu la mambo ya watoto. Kama tatizo lingekuwa shule na karanga tu, ningekwambia uanzie kwake na huenda lingeishia hapo.

Lakini hili la usiku, dada yangu, usikubali limalizwe LC1, wala msikitini kwetu. Kumnajisi mtoto chini ya miaka 18 si kesi ya baraza la kijiji. Na mtoto akiwa chini ya miaka 14, au mtuhumiwa akiwa mlezi wake, ni kosa zito zaidi linalosikilizwa na Mahakama Kuu. Nalisema kwa sababu najua mambo yanavyokwenda: wazee wanakaa, mtuhumiwa anatoa mbuzi na pesa kidogo, watu wanasoma fatiha, na mtoto anarudishwa nyumba ile ile. Sulhu ni kheri kati ya watu wazima waliogombania mpaka wa shamba. Mtoto hana cha kusamehe kwa niaba ya sheria, na hakuna mzee mwenye ruhusa ya kumsamehea. Hukumu ni hiyo hiyo hata mtuhumiwa angekuwa imamu au ustadh wa madrasa, na huko ndiko tunakoona haya zaidi kuliko inavyopasa.

Usimhoji mtoto mara kumi, wala usimwite mbele ya mjomba wake athibitishe. Msikilize, mwambie hana kosa, kisha kumbuka maneno yake kama alivyoyasema. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, maana utaivunja ahadi hiyo na ataacha kukuamini. Usiende kumkabili jirani. Utamwonya, na usiku huo mtoto atalipa yeye. Ikiwa jambo limetokea karibuni, asiogeshwe na nguo zisifuliwe, apelekwe hospitali haraka, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hutakiwa kuanza ndani ya saa 72. Zikipita bado apelekwe. Polisi watatoa fomu 3A ya uchunguzi wa daktari. Fomu hiyo haiuzwi, ukidaiwa pesa sema hivyo. Andika jina la askari aliyekupokea na namba ya faili, kisha rudi kuulizia. Faili lisiloulizwa huwa linalala.

Huenda mtoto akaondolewa nyumba ile na wahusika wakatafuta jamaa mwingine wa kumlea. Kama wewe na mume wako mnaweza kumpokea, mwambieni afisa wa ustawi wa jamii mapema, msimchukue kimya kimya. Atabaki na jina la baba yake, na mali aliyoachiwa, kama ipo, iandikwe mbele ya mashahidi ibaki yake. Mtume (S.A.W.) aliahidi kuwa karibu na mlezi wa yatima Peponi kama kidole cha shahada na cha kati.

Wallahu a'lam.