Kwa Zainabu, kuhusu kazi yako ya uhariri

Mwanangu Zainabu,

Hatujambo sote, ila mama yako goti bado linamsumbua. Umeniuliza kama mtu anaweza kuzeekea kwenye uhariri wa filamu ilhali anayesifiwa siku zote ni mwongozaji. Najua linakuuma zaidi tangu wale waliokuajiri waoneshe filamu yao bila jina lako.

Mtafute Marie-Josèphe Yoyotte. Mhariri huyo wa filamu, Mfaransa, alizaliwa Lyon mwaka 1929, baba yake mtu wa Martinique, kisiwa cha Ufaransa huko Karibiani. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ni filamu Moi, un noir, ambayo mwongozaji Jean Rouch aliipiga Treichville, mtaa wa Abidjan nchini Côte d'Ivoire, mwaka 1957. Kamera yenyewe ilikuwa ya kutia ufunguo kama saa ya ukutani, ikizima kila baada ya sekunde 25 hivi, wala haikunasa sauti. Vijana walioigiza walikuja kujitazama na kujisemea baadaye. Wewe hulalamika ukiletewa picha zinazotikisika! Yoyotte na mhariri mwenzake walipewa vijipande hivyo, wakatoa humo maisha ya kibarua wa bandarini.

Mwaka 1959 akahariri Les Quatre Cents Coups ya mwongozaji Truffaut. Itazame mwisho wake: kijana ametoroka, anakimbia kuelekea baharini, anakimbia tu, na mkasi haumgusi. Mwanagenzi angekata mara tano pale kwa kuogopa watu watachoka. Mimi namsifia zaidi kwa pale alipoacha kukata.

Na kukata kwenyewe kulikuwa kwa mikono. Nilipokuwa naendesha mashine ya sinema, mkanda ukikatika naondoa palipoharibika, nakwangua, natia gundi, nabana, huku watu gizani wanapiga miluzi na kunitukania wazazi. Kila kiungo kinakula picha moja mbili. Kwa wahariri kama yeye hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kutwa, vipande vimetundikwa kwenye misumari, na kila kimoja lazima ukijue kilipo.

Hakung'ang'ania mwongozaji mmoja. Mwaka 1983 alihariri Rue Cases-Nègres ya Euzhan Palcy, habari za watu wa mashamba ya miwa huko huko Martinique kwa baba yake. Kisha wadudu wa Microcosmos mwaka 1996, filamu isiyo na maneno ila machache, na ndege wahamao wa Le Peuple migrateur mwaka 2001. Hiyo ya ndege ilimpa César yake ya tatu ya uhariri, tuzo kubwa ya filamu ya Ufaransa, akiwa na miaka 72. Alifariki mwaka 2017. Basi kuzeekea humo inawezekana, ingawa mtaani hakuna aliyekuwa akimgeukia.

Kuhusu jina lako, usigombane nao kwenye simu. Waandikie, waombe likaongezwe kwenye nakala zijazo. Na kazi ijayo, kabla hujafungua faili hata moja, jina na tarehe ya malipo viwe ndani ya mkataba. Nitumie rasimu nimpe mjomba wako aisome. Ukarani wa mahakama haujamtoka.

Baba yako