Mwalimu Anajibu: "Baba anasema dini haikosei"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma biolojia, mwaka wa pili chuoni. Baba yangu ni mzee wa kanisa. Juzi tukiwa mezani nilisema dini nayo huweza kukosea, mbona ilimkosea Galileo, yule mwanasayansi wa Italia. Baba aliweka kijiko chini akaniuliza: "Sayansi yenu hugeuka kila siku, Neno la Mungu halijageuka. Sasa kigeugeu ni nani?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo tunasalimiana tu. Je, nilikosea mimi?
Binti wa Mzee

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hoja ya baba yako si ya kubeza, na wanaoibeza aghalabu hawajawahi kusimama mbele ya ubao. Nilifundisha fizikia miaka 31, na yapo mambo niliyowakaririsha watoto mwaka huu nikayafuta mwaka uliofuata.

Tena wakubwa walikosea kuliko mimi. Lord Kelvin, mmoja wa wanafizikia wakubwa wa karne ya 19, alikokotoa umri wa dunia kwa kuangalia inavyopoa. Mwaka 1897 alisema ni kati ya miaka milioni 20 na 40. Leo tunajua ni kama bilioni 4.5, kwa hiyo mzee alikosea zaidi ya mara mia. Hesabu yake haikuwa na kasoro. Alidhani tu kwamba ndani ya dunia joto husafiri kama ndani ya jiwe. Aliyekwisha kumkosoa hadharani, tangu mwaka 1895, ni John Perry, aliyewahi kuwa msaidizi wake. Hilo ndilo ningemwambia baba yako kwanza: msaidizi alimkosoa bwana wake kwa hesabu, na hakuna aliyemtenga. Kelvin mwenyewe hakugeuka, ila sayansi iligeuka; na anayegeuka baada ya kuonyeshwa simwiti kigeugeu.

Sasa Galileo. Watu humtaja kama rungu, na wewe, samahani, ulimtaja hivyohivyo. Mwaka 1610 aliona kwa darubini miezi minne ikiizunguka sayari ya Mshtarii, akajua kwamba si kila kitu kinaizunguka dunia. Mwaka 1616 Kanisa Katoliki lilimkataza kufundisha kwamba dunia hulizunguka jua, na mwaka 1633 likamhukumu, akafungiwa nyumbani hadi kufa. Hayo ni kweli. Lakini ushahidi aliouringia zaidi, kwamba maji ya bahari hujaa na kupwa kwa sababu dunia inazunguka, ulikuwa wa makosa. Na Kardinali Bellarmine, yuleyule aliyempa onyo, aliandika mwaka 1615 kwamba ukipatikana uthibitisho wa kweli, itabidi tuseme hatujayaelewa Maandiko kuliko kusema kilichothibitishwa ni uongo. Mlango waliujua! Hawakuufungua tu. Vitabu vilivyofundisha kwamba dunia hulizunguka jua, kikiwemo cha Galileo, viliondolewa kwenye orodha ya Kanisa ya vitabu marufuku mwaka 1835, na Papa Yohane Paulo II alikiri kosa lile mwaka 1992. Umri wa Kelvin wanasayansi waliuacha ndani ya miongo michache. Hawa walihitaji zaidi ya karne mbili.

Mimi ni Mwislamu, kwa hiyo mtu anaweza kudhani Galileo si mzigo wangu. Nitakuambia basi mzigo wangu.

Dada yangu mkubwa ana kifafa. Alikuwa ametulia miaka minne kwa vidonge, asubuhi na jioni. Kisha mtu mmoja tuliyemheshimu kwa elimu yake ya dini akaja kumsomea, akasema ni jini, na kwamba kumeza vidonge huku unasomewa ni kuonyesha shaka. Dada akaacha siku hiyohiyo. Sikumzuia. Nilikuwa mwalimu wa fizikia, mtu mzima, nikanyamaza kwa adabu. Dawa za kifafa zikikatizwa ghafla, kifafa huweza kurudi kwa nguvu kuliko kilipoanzia, na usiku wa tano alianguka mara tatu mfululizo bila kupata fahamu katikati. Alipona, ila mkono wake wa kulia hadi leo hauandiki vizuri.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba waganga wa Kigiriki wa mkondo wa Hippocrates walikwishaandika, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kuwa ugonjwa huu, ambao watu waliuita mtakatifu, hauna utakatifu kuyapita magonjwa mengine. Nilifunga kitabu nikalia.

Kwa hiyo nakujibu: ndiyo, dini huweza kukosea. Najua wasomaji wataniandikia kwamba dini haikosei, waumini ndio hukosea. Nimelitumia jibu hilo mwenyewe, ni tamu. Lakini dada yangu aliambiwa kwa jina la dini, kwa aya, na sote tuliokuwa chumbani tuliamini dini ndiyo inasema. Dini isiyopita kinywani mwa mtu sijawahi kuisikia. Ikitamka neno juu ya kitu kinachopimika, ikubali kipimo.

Na si kwamba nawaletea desturi ngeni. Mtoto wa Mtume (s.a.w.), Ibrahim, alipofariki, jua lilipatwa siku ileile. Watu wakasema jua limemlilia. Fikiria faida ya kunyamaza tu! Yeye, na msiba wake, akawaambia kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Naye al-Ghazali, mwanazuoni mkubwa wa Kiislamu, katika karne ya 11, aliandika kwamba anayepinga hesabu za kupatwa kwa jua akidhani anaitetea dini, anaidhuru.

Lakini usimpelekee baba yako barua hii kama rungu jipya. Kipimo cha umeme wa ubongo kilituonyesha kifafa cha dada; hakikunionyesha kwa nini nilale sakafuni kando ya kitanda chake usiku tisa. Hilo nililijua kutoka msikitini. Mwulize baba yako, kwa upole, ni lini yeye mwenyewe aliwahi kuisoma aya upya akaielewa tofauti na alivyofundishwa. Mzee wa kanisa wa miaka mingi hakosi moja. Kisha msikilize.

SWALI: Mwalimu, ni kweli nadharia ya Mlipuko Mkuu (Big Bang) ilibuniwa ili kumwondoa Mungu?
Msomaji wa siku zote

JIBU: Aliyeiasisi ni padri. Georges Lemaître, Mbelgiji, alionyesha mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza kutoka kitu kimoja kidogo. Jina la Mlipuko Mkuu lilitolewa redioni mwaka 1949 na Fred Hoyle, mwanaastronomia wa Uingereza asiyeamini Mungu, ambaye nadharia yenyewe hakuipenda hata kidogo. Papa Pius XII alipoisifu mwaka 1951 kana kwamba inathibitisha uumbaji, aliyekosa raha ni Lemaître: hakutaka imani yake iegemee hesabu ambayo kesho ingeweza kukanushwa. Haikukanushwa. Mionzi iliyobaki tangu mwanzo huo iligunduliwa, na habari zikamfikia mwaka 1966 akiwa mgonjwa, siku chache kabla hajafa.