Mkuu, usisaini hizo barua

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika mna matawi 14, mnataka mameneja watoke ndani, mmechagua wauzaji kumi wanaoongoza, wanaenda semina Bagamoyo wiki nzima, na Januari kila mmoja anakabidhiwa barua ya umeneja na tawi. Halafu unauliza bajeti, walezi, na mkataba wa kuwabana wasihame. Nimesoma tumbo likanikata. Mpango huo niliutekeleza mimi, na hoteli nahisi ni hiyo hiyo.

Nilikuwa meneja mauzo, kampuni ya kusambaza sabuni na mafuta ya kula. Mzee wetu wa Mwanza alipostaafu nikampandisha kijana aliyekuwa akiuza kuliko wote Kanda ya Ziwa. Dogo angekuuzia mwavuli kiangazi na ukamshukuru. Makofi, keki, picha na mkurugenzi. Miezi minne baadaye nikatua Mwanza bila taarifa. Nje ya stoo fuso tatu ziko foleni tangu alfajiri, matingo wamelala uvunguni, mtunza stoo amekalia kreti. Funguo? Anazo bosi. Bosi yuko wapi? Kahama, na gari ya mauzo, anachukua oda.

Yaani nimempa tawi, yeye anaendelea na kazi anayoijua. Na mimi kila Ijumaa nilikuwa nampigia simu kumuuliza ameuza ngapi, sasa angejuaje kwamba kazi imebadilika? Mezani kwake nikakuta kauntabuku ya mali kauli. "Mama Zai katoni 60, Ijumaa." Ijumaa ipi, Mungu anajua. Tulipomaliza kuhesabu, milioni 78 zilikuwa mikononi mwa watu tunaowajua kwa majina ya watoto wao. Kijana hakuiba hata senti. Ni kwamba hajawahi kumnyima mteja mzigo maishani mwake, na sasa yeye ndiye aliyetakiwa kunyima. Akaacha kazi kwa aibu. Meneja nimekosa, muuzaji nimepoteza, na barua ya onyo nikapewa mimi. Ninayo bado, haina hata kunyanzi.

Sasa sikia hili. Pale pale Mwanza kulikuwa na dada wa hesabu za madeni, mkimya, aliyekaimu kiti kile mara mbili mzee akiwa likizo. Hakuna aliyemkumbuka kwa sababu hakuna kilichoharibika. Wiki ya sita baada ya keki akahamia kwa washindani wetu. Nasikia huko Mama Zai analipa.

Aliyetuingiza mkenge ni mshauri mwelekezi mmoja, suti ya bluu, projekta yake mwenyewe. Akatupanga kwa rangi za tabia, huyu mwekundu, yule kijani. Mimi nilitoka njano, mpaka leo sijui inatibiwa na nini. Akatusifia kampuni kubwa ya GE ya Marekani na chuo chao cha viongozi cha Crotonville, kilichoanza 1956. Hakusema kwamba Jeff Immelt, kabla ya kupewa kiti cha Jack Welch, mkuu wa GE, alikuwa ameendesha kitengo kizima cha vifaa vya hospitali. Wala hakusema kwamba alipotangazwa mwishoni mwa 2000, wenzake wawili waliokosa, Nardelli na McNerney, mwaka haukuisha wakawa wameshapata ukuu wa kampuni nyingine kubwa, Home Depot na 3M. Angesema hayo, labda ningemwangalia yule dada mapema. Malipo yake alichukua yote, tena kabla ya chai.

Kwa hiyo, shika hili tu: usimpe mtu tawi ambaye hajakaimu siku 28, mwenye kiti akiwa hayupo kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya siku 28 mfululizo, ila mameneja wetu huikatakata au huondoka na simu ya kazi. Mwambie aiache mezani. Kaimu apewe barua, funguo na mamlaka ya kusaini, na wateja wake wa zamani awakabidhi kwa mwenzake siku hiyo hiyo. Siku ya 29 usimuulize ameuza ngapi. Muulize nani alinyimwa mzigo, na fuso zilitoka saa ngapi.

Bajeti na hiyo mikataba wengine watakujibu, mimi presha imeshapanda. Ila nijibu hapa hapa: kwenye hao kumi wako, nani amewahi kukaimu?