Jibu: Filamu za makala zitakufungua au zitakufanya uige?

Ndugu yangu, umeuliza kama filamu za makala za wachora kuta na wanamuziki zitakufungua mawazo, au utaishia kuiga tu. Inategemea unatazama nini. Style Wars ya 1983, ya vijana waliochora treni za New York, mimi hainishiki kwa rangi. Kinachonishika ni mama mmoja anayebishana na mwanawe mchoraji. Ugomvi ule unachoreka hata kwenye kuta za Ngamiani, Tanga! Itafute pia ya Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, As Old As My Tongue, ya 2006.

Kisha zima simu, wafuate wazee wa hapo Tanga walioicheza taarabu ya vikundi vya Black Star na Lucky Star, waulize gitaa liliingiaje. Nenda na daftari. Kurekodi, omba ruhusa kwanza.