Mashine ya kukata nyasi ya kukalia: anza na giaboksi, nguvu farasi baadaye

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Ua wa ekari nne, nusu tambarare, nusu mteremko unaoshuka hadi mtaroni, miti ya hapa na pale. Umebakiwa na mashine mbili za kuchagua: trekta dogo lenye injini ya nguvu farasi 22 na deki (lile bati la chini linalofunika visu) ya inchi 42, au ziro-tani ya inchi 54, ile isiyo na usukani, inayoendeshwa kwa liva mbili na kugeuka palepale ilipo. Unachotaka ni mashine isiyoshinda gereji. Ua wangu unakaribiana sana na wako, na nimeukata miaka 14 kwa mashine mbili. Ya kwanza ilikufa msimu wa tatu. Ya pili bado inakata, na mita yake ya kuhesabu saa za kazi imepita 900. Kilichozitofautisha hakikuwa injini, ndiyo maana nimeona nikujibu kwa kirefu.

Ile ya kwanza niliinunua kwa kutazama namba iliyoandikwa kwenye boneti. Injini kubwa, deki ya inchi 42, kiti kizuri, nikaridhika. Mwaka wa kwanza haikunisumbua hata siku moja. Mwaka wa pili nikaanza kuona kitu: saa ya kwanza inapanda mteremko vizuri, saa ya pili inapanda kwa shida, saa ya tatu nakanyaga pedeli mpaka mwisho na mashine imesimama katikati ya kilima, injini inanguruma vilevile. Nikiiacha ipoe, inarudi kuwa nzima. Nilihangaika na mkanda unaopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, nikabadilisha, haikusaidia. Msimu wa tatu ikagoma kupanda hata ikiwa baridi.

Fundi aliifungua akanionyesha. Giaboksi ilikuwa ya haidrostatiki, kama zilivyo nyingi siku hizi. Ndani yake kuna pampu inayosukuma oili, na mota inayozungushwa na oili hiyo ili kugeuza ekseli. Hakuna klachi wala gia za kubadilisha, unakanyaga tu na kwenda. Lakini oili ikipata moto sana inakuwa nyepesi, inapenya pembeni mwa pistoni badala ya kusukuma, presha inashuka na tairi zinakosa nguvu. Kila ikichemka inakula vyuma kidogo, na vumbi la chuma linabaki kwenye oili na kuendelea kula. Yangu ilikuwa ya daraja la chini kabisa, iliyotengenezwa kwa ua tambarare. Haikuwa na tundu la kumwagia oili, kwa hiyo tangu kiwandani haijawahi kubadilishwa. Feni yake ndogo ya kupoza ilikuwa imepoteza mapanga mawili, na juu ya mapezi ya kupozea kulikuwa na tabaka la nyasi kavu lililoshikana kama godoro. Injini ilikuwa bado na miaka mingi mbele yake. Kuweka giaboksi mpya kwenye mashine ile hakukulipa.

Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza muuzaji ni hili: giaboksi ni ya nani, na namba yake ni ipi? Watengenezaji wa trekta hizi wengi hawatengenezi giaboksi wenyewe. Utakutana na majina mawili mara nyingi zaidi, Tuff Torq na Hydro-Gear, na kila moja ina madaraja mengi. Kwa Tuff Torq, K46 ndiyo iliyozoeleka kwenye trekta nyepesi. K66 ni nzito zaidi. Muuzaji akishindwa kukutajia, inama uchungulie mwenyewe kati ya tairi za nyuma, kibandiko au maandishi utayaona. Tazama kama kuna nati ya kumwagia oili, kama kuna filta, kama feni inafikika kwa mkono ili uisafishe. Angalia na kipenyo cha tairi za nyuma pia. Giaboksi nyepesi kwa kawaida hufungwa na tairi za inchi 20. Ukiona inchi 23 au zaidi, aghalabu na giaboksi ni ya kazi nzito kidogo. Na usije ukafunga tairi kubwa kwenye giaboksi ndogo ukidhani unaiboresha, maana tairi kubwa inaiongezea mzigo.

Injini sitaizungumzia sana. Nyingi utakazokutana nazo ni Briggs & Stratton, Kohler, Kawasaki au Honda, na mara nyingi injini moja inakaa kwenye mashine za rangi tofauti kabisa. Kwa ekari nne chukua ya silinda mbili, yenye pampu ya oili na filta ya oili ya kufungua kwa mkono. Ukipata hivyo, tofauti ya nguvu farasi 20 na 24 hutaisikia kwenye nyasi. Utaisikia kwenye tangi la petroli.

Deki ndiyo ya pili kwa umuhimu, na hapa watu wanachanganywa na namba. Unene wa bati hutajwa kwa geji, na geji inakwenda kinyume: namba ndogo ndiyo bati nene. Geji 13 ni kama milimita 2.3, geji 10 ni kama milimita 3.4. Deki nyepesi hukandamizwa kwa mashine kutoka bati moja, deki nzito hukatwa vipande na kuchomelewa. Ile ya kukandamizwa si mbaya, kwa nyasi za kawaida inatosha na hewa inazunguka vizuri ndani yake. Adui yake ni mizizi, mawe na nyasi mbichi zinazoachwa zikauke chini yake hadi bati lioze. Wewe una miti, utagonga mizizi, hilo halikwepeki. Gusa pale mihimili inayozungusha visu inapofungwa kwenye deki: kama bati ni jembamba hapo na halikuongezewa kipande, siku ya mzizi mkubwa litapinda na kisu hakitakaa sawa tena. Kisha tafuta nipo, yaani vichuchu vya kupitishia grisi, juu ya mihimili hiyo. Mhimili wenye nipo unaulisha grisi kila baada ya saa kadhaa na beringi zinadumu. Usio na nipo, siku beringi ikianza kupiga kelele unanunua mhimili mzima.

Upana wa deki uupigie hesabu, usiuchague kwa macho. Inchi 42 ni sentimita 107. Ukienda kilomita 5 kwa saa, unakata mita za mraba 5,350 kila saa, toa moja ya tano kwa kupandanisha mistari na kugeuza, unabaki na kama 4,300. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Ina maana ekari zako nne ni karibu saa nne kamili juu ya kiti, kila wiki nyasi zinapokua. Kwa inchi 48 inashuka hadi saa tatu na dakika ishirini hivi. Ziro-tani ya inchi 54 ikienda kilomita 9 kwa saa ingemaliza kwa muda usiofika saa mbili, ila kilomita 9 ni za uwanja laini. Penye mashimo utapunguza mwendo au mgongo wako utakupunguzia. Deki pana nayo ina ubaya wake kwenye ardhi yenye matuta: upande mmoja unainuka, mwingine unakwangua udongo. Upana wa geti usiusahau, nimeona mtu akilazimika kung'oa nguzo.

Sasa ule mteremko. Hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko kote nilikopita, kwa sababu haya si ya kuharibikiwa mashine tu. Ziro-tani inashika njia na kupunguza mwendo kwa tairi za nyuma peke yake. Zile za mbele ni magurudumu ya kufuata tu, hayaelekezi chochote. Tairi za nyuma zikiteleza kwenye nyasi zenye umande, umepoteza breki na uelekeo kwa wakati mmoja, na mashine itakwenda inakopelekwa na kilima. Kwako kilima kinaishia mtaroni. Trekta lenye usukani angalau lina tairi za mbele za kuelekeza, ingawa nalo likiteleza halina muujiza.

Vitabu vingi vya maelekezo vinaweka mpaka kwenye nyuzi 15, na vingine vinataka chini ya hapo. Kupima ni rahisi. Chukua ubao ulionyooka wa mita moja na pima maji. Laza ncha moja ardhini upande wa juu, inua ncha ya chini mpaka pima maji iseme sawa, kisha pima nafasi kati ya ncha hiyo na ardhi. Sentimita 18 ni kama nyuzi 10. Sentimita 27 ni nyuzi 15. Ikizidi 27, sehemu hiyo usiikate kwa mashine ya kukalia ya aina yoyote uliyoitaja. Ikate kwa mashine ya kusukuma, au uiache ipande vichaka. Mimi nimeacha ukanda mzima kando ya mtaro wangu, upana wa deki mbili, siugusi. Trekta liendeshe kwa kupanda na kushuka, si kwa kukingama mteremko, na usigeuze katikati ya kilima. Mashine ikiwa na fremu ya kinga ya kupinduka, iwe imesimamishwa na mkanda wa kiti umefungwa.

Na mtoto asipakatwe juu ya mashine hii hata kwa mzunguko mmoja. Akishazoea kwamba ikiwaka anabebwa, siku nyingine ataikimbilia kutoka nyuma wakati unarudi kinyumenyume. Swichi za usalama, ile ya chini ya kiti inayozima injini ukinyanyuka na ile ya rivasi, wapo mafundi wanaozikata kwa sababu zinazima injini ovyo. Ikizima ovyo, badilisha swichi, usiiondoe.

Ile ya pili niliyonayo niliinunua ikiwa imetumika, saa kama 150 hivi, trekta la deki ya inchi 48 lenye giaboksi ya kumwagwa oili. Injini yake ni ndogo kwa nguvu farasi mbili kuliko ile iliyokufa. Kabla ya kulipa nilifanya jambo moja ambalo nawashauri wote: niliomba niliendeshe nusu saa nzima, kisha likiwa la moto ndipo nikalipeleka kupanda mlima. Giaboksi iliyochoka ikiwa baridi hukudanganya, ikishika moto haiwezi. Ukiona muuzaji hataki uiendeshe zaidi ya dakika tano, achana nayo. Nikainua deki, nikatikisa kila kisu juu chini. Kisipocheza, beringi ni nzima. Nikatazama kama mita ya saa inaoana na pedeli na kiti, maana mita inabadilishwa lakini mpira wa pedeli ulioliwa hauongopi. Na kabla ya yote nilikwenda kuulizia spea: mkanda wa deki, mhimili wa kisu, kabureta. Vyote vitatu vilipatikana. Mashine nzuri isiyo na mkanda wa kubadilisha ni chuma cha kukalia tu.

Tangu hapo utunzaji wangu ni wa kawaida. Mashine mpya oili ya kwanza inamwagwa mapema, baada ya saa 5 hadi 10 kulingana na kitabu, kwa sababu ndiyo inayobeba vumbi la chuma la injini mpya. Baadaye mimi hubadilisha kila saa 50. Visu nanoa kila saa 20 hadi 25 na kuvining'iniza kwenye msumari kuona kama vimelingana uzito, maana kisu kizito upande mmoja kinaua beringi. Sponji ya filta ya hewa naiosha, ya karatasi naibadilisha. Nikimaliza kukata nasafisha juu ya giaboksi na juu ya deki kwa brashi, kila mara, sijawahi kuruka tangu nione lile godoro la nyasi. Petroli ya zaidi ya mwezi siiweki. Msimu ukiisha namaliza iliyomo kwenye tangi na kuizima kabureta ikiwa kavu, kwa hiyo sijui kabureta iliyoziba inafananaje kwenye hii ya pili.

Kwa hizo mbili ulizotaja, kwa maelezo uliyotoa, ziro-tani ningeiweka pembeni mpaka nijue mteremko wako una nyuzi ngapi. Ukiwa chini ya 10 na ukakubali kuacha ukanda mpana kando ya mtaro, inaweza kukufaa na itakuokolea muda mwingi. Lile trekta la inchi 42 nalo nisingelinunua kwa ekari nne kabla ya kujua giaboksi yake. Kama ni ya daraja la chini, utapita nilikopita mimi, na pengine mapema zaidi kwa sababu ya kilima. Kwa fedha ileile ningetafuta lililotumika la inchi 46 hadi 48 lenye giaboksi nzito. Kapime mteremko kwa ule ubao, upime na geti, kisha uniletee namba hizo mbili pamoja na namba ya giaboksi ya lile trekta.