Konokono wako hajazoea, amejificha

Jana nimepita labu nikapata wawili wa mwaka wa tatu wameinamia konokono, mmoja anamgusa pembe na kijiti cha meno, mwingine anahesabu kwa sauti, halafu wananiambia kwa furaha "ameshazoea, hajikunji tena." Nilicheka hadi nikaona aibu, juu huyo ni mimi kabisa.

1. Kutojikunja si kuzoea. Kuzoea ni mnyama kuacha kujibu guso lisilo na madhara, juu limerudiwa mara nyingi. Mimi niliokota konokono 12 kwa shamba la sukuma huko Njoro, nikawagusa kila mmoja mara 40, na grafu ikateremka vizuri kama barabara ya Salgaa, nikajua Master's hiyo imeingia. Siku ya kudifendi mzee mmoja wa paneli akaniuliza, ulijuaje hawakuchoka? Nikaonyesha grafu. Akaomba daftari la data, akafungua polepole, akaweka kidole kwa sifuri moja na kuuliza hapa konokono alikuwa wapi. Nikasema ndani ya gamba. Na hapa? Ndani. Hapa je? Wacha nikwambie, ilikuwa Januari, jua la Nakuru unalijua, sikuwa nimewanyunyizia maji, wakaanza kukauka na kujifungia, na mimi kila guso naandika sifuri, eti hakujikunja. "Kijana, atajikunja aje na ameshajikunja?" Paneli nzima ilicheka, hata supavaiza wangu, huyo ndiye aliniuma. Nilirudia kila kitu, semista nzima.

2. Akiacha kujikunja na bado yuko nje ya gamba, tikisa meza kidogo kisha umguse tena vilevile. Akijikunja, alikuwa amezoea, juu uchovu hautoki kwa kushtuliwa. Watafiti Thompson na Spencer waliandika haya 1966, na bado mnaniuliza.

3. Gusa polepole. Ukimgonga kama unapasua njugu hazoei, anazidi uoga tu. Kandel, mtafiti wa ubongo, alipata Nobel 2000 kwa kazi ya konokono wa bahari, Aplysia, akaonyesha mnyama akiguswa tena na tena, neva ya kuhisi inapunguza kemikali inayomwagia neva ya msuli, kwa hivyo msuli wenyewe hauna shida. Hata mimi nimewahi kuzoea na kushtuliwa hivyo: nilikaa karibu na steji, wiki ya kwanza silali kwa honi, baadaye hata sisikii, hadi siku moja transfoma ikalipuka nje, na usiku huo kila honi ikaniamsha upya.

4. Maji! Niliwaachia chupa ya kunyunyiza hapo dirishani. Leo asubuhi bado imejaa.